Presha ya gesi kwenye kinu cha punje: modeli inapokataa kupatana na manometa

Mwongozo huu ni wa fundi au mwanafunzi ambaye ameshaandika modeli yake, iwe kwenye lahajedwali au kwa Python, na sasa ana namba mbili zisizopatana: moja ya kompyuta, nyingine ya manometa, yaani mpira wenye maji unaopimia presha. Hapa Malindi kazi ya namna hii huja kwa sura mbili. Kuna mitungi ya kusafisha bayogesi, iliyojazwa makaa ya vifuu au chuma chenye kutu ili kunasa haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu, kabla bayogesi haijafika kwenye injini. Na kuna vinu vidogo vya majaribio ambamo gesi husukumwa na kompresa kupita kwenye punje za kichocheo, kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali. Mitungi hufanya kazi kwa presha ya kuinua maji sentimita chache tu. Vinu hufika mamia ya kilopaskali. Kanuni ni ileile, nayo ni mlinganyo wa Sabri Ergun uliochapishwa mwaka 1952:

ΔP/L = 150·μ·(1−e)²·U / (e³·d²) + 1.75·ρ·(1−e)·U² / (e³·d)

ΔP/L ni presha inayopotea kwa kila mita ya tabaka la punje, μ ni mnato wa gesi, ρ ni densiti yake, d ni kipenyo cha punje, na e ni uwazi, yaani sehemu ya ujazo wa mtungi isiyokaliwa na punje. U ni kasi ya gesi ikihesabiwa kana kwamba mtungi hauna kitu ndani. Kipande cha kwanza ni gharama ya mnato, gesi inavyosuguana na nyuso za punje. Cha pili ni gharama ya gesi kupinda, kubanwa na kupanuka kila inapopita mwanya. Punje zikiwa ndogo na mwendo wa polepole, mnato ndio unaotawala. Mwendo ukikaza, kipande cha pili hushika hatamu.

Zile namba 150 na 1.75 zimejadiliwa sana. Mwaka 1979 Macdonald na wenzake walipendekeza 180 kwa kipande cha kwanza, na kwa cha pili 1.8 punje zikiwa laini, hadi 4 zikiwa na mikwaruzo. Kwa hiyo tofauti ya asilimia 20 kati ya modeli na kipimo si ajabu. Lakini ukiona mara tatu, mara nane, mara kumi, acha mlinganyo wa watu. Kosa liko kwenye e, kwenye d, au kwenye namna ulivyopima. Wapo wanaokimbilia kubadilisha 150 iwe 900 ili grafu ikae vizuri. Modeli ya hivyo itapatana na manometa siku hiyo tu. Gesi ikiongezwa au punje zikibadilishwa, itamwambia mwenye mtungi uongo, naye ataagiza feni isiyotosha.

Anza kwa kuongeza gesi maradufu

Kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, fanya kipimo hiki kimoja. Soma manometa, kisha fungua gesi mpaka mtiririko uwe mara mbili, usome tena. Uwiano wa visomo viwili utakuambia mengi kuliko kuikodolea macho lahajedwali jioni nzima.

Tuchukue mfano ambao nitaurudia. Mtungi ni bomba la PVC lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 15, limejazwa makaa ya vifuu ya milimita 5 kwa kina cha mita 1, uwazi 0.40. Bayogesi inapita mita za ujazo 4 kwa saa, kwa hiyo U ni karibu mita 0.063 kwa sekunde. Densiti tuiweke kilo 1.1 kwa mita ya ujazo, mnato 0.000013 paskali-sekunde. Mlinganyo unatoa paskali 28 kwa kipande cha kwanza na 14 kwa cha pili. Jumla ni paskali 42, sawa na milimita 4 na kidogo za maji. Ukiongeza mtiririko maradufu, kipande cha kwanza kinakuwa mara mbili na cha pili mara nne, na jumla inafika paskali 112: mara 2.7 ya mwanzo.

Sasa soma uwiano wako. Ukikaribia 2 kuliko modeli inavyosema, mnato umezidi, maana yake punje zako ni ndogo kuliko unavyodhani au kuna chenga na vumbi. Ukikaribia 4, presha hailiwi na punje. Inaliwa na valvu iliyofunguliwa nusu, na kiwiko cha bomba, au na sahani ya matundu iliyo chini ya punje. Toa punje zote, funga mtungi mtupu, pitisha gesi ileile usome manometa. Kisomo hicho kiondoe kwenye vipimo vyako vyote, kwa sababu mlinganyo wa Ergun haujui habari za viwiko.

Milimita 4 za maji ni taabu kusoma kwa macho. Laza mpira wa manometa kwenye ubao ulioinama kiasi kwamba kila sentimita 10 za mpira zinapanda sentimita 1 tu. Milimita 4 zitaonekana kama sentimita 4. Maji yatie rangi, na tone la sabuni ili yasing'ang'anie ukuta wa mpira.

Dalili: manometa inasoma mara nyingi zaidi ya modeli

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi zaidi. "Mwalimu, kompyuta yasema milimita nne, mpira wasema sentimita nne!" Kijana amekwisha kukagua fomula mara kadhaa na haoni kosa, na kweli fomula haina kosa. Tunamwaga makaa juu ya gunia. Juu ya rundo kuna vipande vizuri vya milimita 5. Ukipitisha mkono chini unatoka mweusi hadi kiganjani, na gunia likikung'utwa linaacha unga.

Chekecha na upime. Tuseme kwa uzito asilimia 90 ni punje za milimita 5, na asilimia 10 ni chenga za nusu milimita. Wastani wa kawaida utakupa milimita 4.55, nao ni wastani wa kupotosha, kwa kuwa gesi husuguana na nyuso, na nyuso nyingi ziko kwenye chenga. Wastani unaofaa unapatikana kwa kugeuza: 1/d = 0.9/5 + 0.1/0.5, yaani 0.38, hivyo d ni milimita 2.6. Sehemu moja tu kati ya kumi imekata kipenyo karibu nusu. Zaidi ya hapo, chenga hujaza mapengo yaliyo kati ya punje kubwa, na uwazi unashuka. Weka d ya milimita 2.6 na e ya 0.30 kwenye mlinganyo uleule: kipande cha kwanza kinatoka 28 hadi karibu 320, cha pili kutoka 14 hadi 75. Jumla ni paskali 395 hivi. Hizo ndizo sentimita 4 za maji alizoziona kijana, na 150 haikuguswa.

Uwazi ndio namba ninayoomba kila mtu aipime kwa mkono wake. Vitabuni utakuta 0.40, watu wanainakili, na modeli inaanza safari yake na namba ya punje za mtu mwingine. Kwenye mfano wetu, punje zikibaki milimita 5 na uwazi ukishuka kutoka 0.40 hadi 0.30, presha inayopotea inazidi mara tatu. Hakuna kitu kingine kwenye mlinganyo chenye nguvu hiyo kwa badiliko dogo hivyo, kwa sababu e iko chini ya mstari ikiwa imepandishwa mara tatu, na juu ya mstari tena iko ndani ya (1−e).

Kuipima hakuhitaji maabara. Chukua chombo ambacho ujazo wake unaujua, na ambacho upana wake haupishani sana na wa mtungi. Jaza punje kwa namna ileile unavyojaza mtungi: kama mtungi huwa unaugonga ili punje zikae, gonga na chombo. Mimina maji kutoka kwenye chupa yenye alama mpaka yafike usawa wa punje za juu. Maji uliyomimina ukigawa kwa ujazo wa chombo ndiyo e. Kwa makaa kuna jambo la kuangalia: makaa hunywa maji. Vitundu vya ndani ya punje vinafaa sana kunasa kemikali, lakini gesi haisafiri humo, kwa hiyo visihesabiwe. Yaloweke makaa usiku kucha, yachuje, yapanguse kwa kitambaa, ndipo uyapime.

Umbo nalo. Kifuu kikivunjwa kwa nyundo hakitoi mpira, kinatoa bapa. Pande la milimita 20 kwa 20 lenye unene wa milimita 3 watu huliandika kwenye modeli kuwa milimita 20, kwa kuwa ndilo tundu la chekeche lililoliruhusu. Kipenyo kinachotakiwa ni mara sita ya ujazo kugawa kwa eneo la nyuso zote. Ujazo ni milimita za ujazo 1,200, nyuso ni milimita za mraba 1,040, basi d ni milimita 6.9. Kipande cha mnato kina d mraba, hivyo kuandika 20 mahali pa 6.9 kunakipunguza zaidi ya mara nane. Kwa bapa jembamba unaweza kukadiria bila kalamu: d haizidi mara tatu ya unene, hata pande liwe pana namna gani.

Dalili: tofauti ni mara mbili kamili, au nne, au sitini

Tofauti ikiwa namba safi, usitafute fizikia, tafuta kidole kilichoteleza. Kisomo kikiwa nusu kamili ya modeli, umesoma mkono mmoja wa manometa: maji yakipanda sentimita 2 upande huu yameshuka 2 upande wa pili, na kisomo ni 4. Modeli ikiwa chini mno au juu mno kwa mara kati ya 4 na 16, nusu kipenyo cha mtungi na kipenyo vimebadilishana kwenye eneo la mkato. Sitini na kuendelea ni dakika na sekunde. Sentimita moja ya maji ni paskali 98.

Kosa la kasi linastahili sentensi zake. Gesi inapopita kwenye mianya kasi yake halisi ni U kugawa kwa e, na mtu makini anaweza kudhani kuwa ndiyo inayotakiwa. Ergun alikwisha kuuhesabu uwazi kwenye mlinganyo wake. Ukiweka kasi ya mianyani utakuwa umeuhesabu mara ya pili, na kwa uwazi wa 0.40 kipande cha kwanza kitazidi mara 2.5, cha pili zaidi ya mara 6.

Dalili: presha inatoka hasi, au kompyuta inagoma kutoa kipeuo cha pili

Hapa tumehamia kwenye vinu vya kompresa. Kwenye mtungi wa bayogesi presha inayopotea ni ndogo kiasi kwamba densiti haibadiliki, na unaweza kutumia namba moja ya ρ kutoka chini hadi juu. Kwenye kinu ambacho gesi inapoteza robo au theluthi ya presha yake, huwezi. Gesi inavyopungukiwa presha inatanuka, ikitanuka inakwenda kasi zaidi, na ikienda kasi inapoteza presha zaidi. Joto lisipobadilika, na moli za gesi (kipimo cha idadi ya chembe zake) zisipoongezeka wala kupungua, hesabu hukunjika vizuri:

P² ya kutokea = P² ya kuingilia − 2·B·L·P ya kuingilia

ambapo B ni ΔP/L ya Ergun iliyohesabiwa kwa hali ya pale gesi inapoingilia. Mraba ukitoka hasi, wengi hushuku programu. Shuku geji kwanza.

Geji ya kompresa huonyesha presha iliyozidi hewa ya nje. Mlinganyo wa gesi hautaki hiyo, unataka presha kamili. Tuseme geji inaonyesha kilopaskali 200. Hapa Malindi tuko usawa wa bahari, hewa ni kilopaskali 101, basi presha kamili ni karibu 300. Tuseme B mara L ni kilopaskali 90. Mraba wa 300 ni 90,000. Toa 2 × 90 × 300, yaani 54,000. Zinabaki 36,000, na kipeuo chake cha pili ni 190. Gesi inatoka ikiwa na 190, imepoteza 110. Kinu kinafanya kazi.

Aliyeandika 200 mahali pa 300 atapata nini? Kwa uzito uleule wa gesi kwa sekunde, densiti yake itakuwa theluthi mbili ya ile ya kweli, hivyo B mara L itapanda hadi 135. Zile 54,000 hazibadiliki, kwa kuwa B ikipanda P inashuka kwa kiasi kilekile. Mraba wa 200 ni 40,000. Ukitoa 54,000 unabaki na hasi 14,000, na kompyuta inagoma. Kinu kizima kimehukumiwa kuwa hakiwezekani kwa sababu ya hewa tunayoivuta.

Ndiyo sababu modeli iliyoandikwa Nairobi isiletwe Pwani bila kufunguliwa. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na hewa yake ni kama kilopaskali 83. Geji ileile ya 200 kule ni 283 kamili, na gesi yenye uzito uleule itapoteza zaidi ya 120 badala ya 110. Namba ya hewa iwe na seli yake yenyewe, ionekane, isifichwe ndani ya fomula.

Kama presha ni kamili na mraba bado ni hasi, basi modeli inasema kweli: uzito huo wa gesi haupiti kwenye tabaka hilo kwa presha hiyo. Hapo jiulize ni kipi unachokijua na ni kipi unachokitafuta. Kompresa yenye kidhibiti mtiririko hukupa uzito wa gesi, nawe unatafuta presha. Lakini tangi la samadi linalotoa bayogesi, kwa mfano, hukupa presha: sentimita 10 za maji zikiwa zimebebwa na kifuniko, na upande wa pili kuna jiko lililo wazi. Mtiririko ndio usiojulikana. Kuulazimisha uwe mita za ujazo 4 kwa saa kwa sababu ndivyo kilivyoandikwa kibati cha injini ni kumwambia mtungi afanye asichoweza. Geuza mlinganyo: ni wa mraba kwa U, una jibu moja chanya, na lahajedwali inalitoa kwa mstari mmoja.

Dalili: jibu linabadilika ukigawa kinu vipande zaidi

Modeli nyingi huanza juu na kushuka kipande kwa kipande, kila kipande kikitumia kasi ya mwanzo wake. Njia hiyo daima hupunguza hasara, kwa kuwa gesi inaongeza kasi ndani ya kipande na modeli haioni. Kwa kinu cha hapo juu, kipande kimoja kinatoa 210 mwishoni, viwili 202, vinne 197. Jibu la kweli ni 190. Ongeza vipande mpaka jibu litulie, au mwachie kazi hiyo kisuluhishi cha Python kinachojipangia hatua. Kama umeongeza vipande mia na jibu bado linaruka, si vipande. Kuna seli inayorejea kwenye P ya kuingilia badala ya P ya kipande kilichotangulia.

Dalili: baridi inapatana, moto haipatani

Umepima kwa hewa baridi, modeli na manometa zikapatana. Umewasha kinu, manometa ikapaa. Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu.

La kwanza ni joto. Gesi ikitoka kelvini 300 hadi 900 kwa uzito uleule, kasi yake ni mara tatu. Watu hukumbuka hilo na kusahau mnato, ambao kwa gesi hupanda joto likipanda, kinyume na mafuta ya kupikia. Kwa hewa unazidi maradufu katika safari hiyo. Basi kipande cha kwanza kinazidi zaidi ya mara sita na cha pili mara tatu. Ukiacha mnato wa baridi kwenye seli, umepoteza nusu ya kipande cha kwanza.

La pili ni moli. Methani na mvuke vikigeuka kaboni monoksaidi na haidrojeni, moli mbili zinakuwa nne, na gesi inayotoka inahitaji nafasi zaidi. Kaboni dioksaidi ikipita kwenye makaa yenye moto mkali, moli moja ya gesi inatoka mbili. Kutengeneza amonia ni kinyume: nne zinakuwa mbili, na hasara ya presha inapungua kadiri gesi inavyosonga mbele. Modeli isiyoifunga presha pamoja na kemikali, zikatatuliwa kwa pamoja, haitaona lolote kati ya haya, kwa sababu kushuka kwa presha nako hupunguza kasi ya mmenyuko.

La tatu ni herufi, na limewapotosha wanafunzi hodari. Vitabu vingine huandika uwazi kwa herufi ya Kigiriki epsiloni. Vingine huitumia herufi hiyohiyo kwa kipimo cha kutanuka kwa moli. Mtu akiunganisha fomula za vitabu viwili, uwazi wa 0.40 unaingia mahali pa kutanuka, na modeli inadai gesi imeongezeka asilimia 40 hata pale ambapo mmenyuko haubadilishi moli hata moja. Haina dalili ya wazi. Kompyuta hailalamiki, na namba zinafanana na za kweli. Ipime hivi: weka mmenyuko sifuri. Kisha weka mmenyuko kamili wa gesi ambayo moli zake hazibadiliki, joto likiwa lilelile. Majibu mawili yakipishana, herufi zimechanganyika. Kwa sababu hiyo naandika uwazi kwa e ya kawaida na kutanuka kwa neno zima.

Dalili: manometa inasoma chini ya modeli

Hii huwafurahisha watu, na isiwafurahishe. Presha ndogo kuliko inavyotarajiwa maana yake gesi imepata njia ya mkato, na gesi iliyopita njia ya mkato haikusafishwa.

Karibu na ukuta wa mtungi punje haziwezi kupangana vizuri, na uwazi hapo ni mkubwa. Mtungi ukiwa na upana wa chini ya punje kumi, sehemu hiyo si ndogo tena. Yale mapande ya kifuu ya milimita 20 kwenye bomba la sentimita 15 yako saba na nusu tu kwa upana. Ergun wa kawaida atakosea hapo, na gesi itapendelea ukuta. Vunja vifuu vidogo zaidi, au tumia bomba pana. Njia nyingine ya mkato ni ufa. Makaa yaliyolowa kisha yakakauka hukaa chini na kuacha pengo juu, na mtungi uliolazwa ubavu una pengo hilo kwa urefu wake wote. Mtungi wa punje usimame wima.

Kama gesi inaingilia chini, kuna kikomo kingine. Makaa yenye uzito wa kilo 500 kwa mita ya ujazo hulemea kilopaskali 4.9 kwa kila mita ya kina. Modeli ikitoa hasara inayozidi hapo, punje zimeshainuka. Tabaka limelegea, uwazi umeongezeka, na presha imeacha kupanda hata ukiongeza gesi. Weka kwenye modeli mstari unaolinganisha ΔP/L na uzito huo na kukuonya. Kwenye mtungi wenyewe, pitisha gesi kutoka juu kwenda chini.

Dalili: mwanzo ilipatana, sasa inapanda kila wiki

Hapa modeli haijakosea, imepitwa na wakati. Kwenye mtungi wa kutu, oksidi ya chuma inashika haidrojeni salfaidi na kuwa salfaidi ya chuma. Ukipitisha hewa, kutu inarudi na salfa inabaki palepale kwenye punje. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya oksidi ya chuma ikishiba kabisa na kurudishwa mara moja huachiwa kilo 0.6 ya salfa. Salfa hiyo inachukua karibu lita 0.3, wakati oksidi yenyewe ilichukua lita 0.2. Nafasi hiyo inatoka kwenye uwazi. Kwa hiyo e isiwe namba iliyoandikwa siku mtungi ulipojazwa. Ifanye ipungue kulingana na salfa iliyonaswa, na modeli itafuata manometa wiki baada ya wiki.

Kupanda kwa ghafla usiku mmoja si salfa. Ni maji. Gesi ya samadi hutoka ikiwa imeshiba mvuke, na bomba likipoa alfajiri maji hujikusanya kwenye sehemu ya chini na kupanda kwenye punje. Weka mtego wa maji kabla ya mtungi, uumwage asubuhi, usome manometa tena kabla hujagusa kitu kingine. Kisomo kinachochezacheza juu na chini bila gesi kubadilishwa ni dalili ileile, maji yanagugumia bombani. Huku kwetu geji za chuma nazo huliwa na chumvi ya bahari. Sindano isiyorudi sifuri mtungi ukiwa wazi haifai kuaminiwa, na mpira wa maji wa bei ndogo ni bora kuliko hiyo.

Ukifika mahali pa kufungua mtungi wa salfaidi, ufungulie nje penye upepo. Haidrojeni salfaidi huua, na ikizidi pua huacha kuinusa, kwa hiyo kutosikia harufu si salama. Salfaidi ya chuma ikikutana na hewa hupata moto wenyewe, basi zilowanishe punje kwanza na uziache zikiwa mbichi juu ya sakafu ya saruji, mbali na makuti. Kabla ya kujaza punje mpya, chekecha, pima uwazi kwa maji, na uandike e, d na kisomo cha siku ya kwanza kwa kalamu isiyofutika kwenye mtungi wenyewe.